UHAMISHO USIWE FIMBO YA TAJIRI



Kuna neno moja ambalo matajiri wetu hulipenda kuliko maneno yote, nalo ni hili: "Uhamisho ni haki ya ofisi." Ukiuliza kwa nini fulani ametolewa Mombasa akapelekwa Lodwar, jibu ni hilo. Ukiuliza kwa nini fulani mwingine ana miaka kumi na miwili Nairobi na hajaguswa, jibu ni hilo hilo. Ukiuliza ni nani aliyechagua, na alichagua kwa kipimo gani, utaambiwa wewe ni mfitini. Barua huja Ijumaa jioni, na Jumatatu mtu atakiwa awe ameripoti mahali ambapo hana chumba, watoto hawana shule, na mke ana kazi yake huku alikobaki.

Sisi twasema neno hilo ni uongo. Kazi ni ya tajiri, hilo hatukatai. Akitaka makarani sita Kisumu na wanne Garissa, hiyo ni hesabu yake. Lakini ni NANI kati yetu atakayekwenda Garissa, hilo si shauri la mtu mmoja na kalamu yake. Hilo ni shauri la maisha ya watu, na lapaswa kuwa na kanuni inayojulikana na wote kabla barua haijaandikwa.

Ili mtu asituambie kwamba twaota ndoto za mchana, tutaleta ushahidi kutoka kazi moja ambayo hakuna tajiri atakayethubutu kuiita kazi ya wavivu, nayo ni kazi ya urubani wa ndege. Katika kampuni kubwa za Marekani, zenye maelfu ya marubani na vituo katika miji mingi, meneja hapewi nafasi ya kumhamisha rubani kwa sababu hampendi, wala ya kumpa kituo kizuri kwa sababu ni shemeji yake. Kituo hutolewa kwa orodha. Orodha hiyo hufuata jambo moja tu: nani alitangulia kuandikwa kazi.

NAMNA ORODHA INAVYOFANYA KAZI

Mambo ni hivi. Siku rubani anapoandikwa, jina lake huingizwa katika orodha moja ya marubani wote wa kampuni, naye hupewa namba. Wakiandikwa wengi siku moja, kuna kampuni zinazofuata umri, mkubwa akatangulia, na kuna nyingine zinazotazama tarakimu za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii ya kila mmoja. Kwa njia yo yote ile, kanuni imekwisha andikwa, na hakuna anayeulizwa baba yake ni nani. Tangu siku hiyo aliyeandikwa nyuma hampiti. Kila mzee anayestaafu, na kila anayeacha kazi, wale wa nyuma yake wote hupanda hatua moja.

Nafasi zikitokea, kampuni haimwandikii mtu barua kwa siri. Hutangaza kwa wote: twahitaji makapteni kadha wa Boeing 737 kituo cha Denver, na wasaidizi wa kapteni kadha kituo cha Newark, na mwisho wa kuomba ni siku fulani. Kila rubani huandika matakwa yake kwa taratibu: kwanza Denver, nikikosa Chicago, nikikosa nabaki nilipo. Siku ikipita, orodha huanzwa juu. Mwenye namba ya kwanza hupewa alilotaka, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka nafasi zimekwisha. Aliyetoka Chicago kwenda Denver ameacha pengo Chicago, na pengo hilo nalo hujazwa kwa njia ile ile. Kisha matokeo hutolewa hadharani: jina, namba, alikotoka na alikokwenda. Aliyekosa aweza kuona kwa macho yake kwamba aliyepata yuko mbele yake. Na akikuta wa nyuma yake amepewa, hana haja ya kulia wala kupiga magoti. Hupeleka malalamiko kwa chama, na karatasi yenyewe ndiyo shahidi.

Je, pakitangazwa kituo ambacho hakuna anayekitaka? Hapo kazi huanzwa na wa mwisho. Aliyeandikwa juzi ndiye atakayekwenda. Ndiyo maana vijana wengi wapya hujikuta New York, mji ambao kodi ya nyumba huumiza, na wengine hawahamii kabisa. Hubaki na familia zao mji mwingine, wakapanda ndege kama abiria kwenda kazini, na kule hukodi kitanda tu katika nyumba wanamolala marubani wengi. Hatuwafichi ninyi jambo hilo, maana ni kweli, na tutalirudia mbele.

Na kituo kikipunguzwa au kikifungwa? Kikipunguzwa, wa kwanza kuondolewa ni aliye mdogo katika kituo hicho, si yule aliyegombana na meneja. Naye hatupwi ovyo. Hutumia namba yake kuomba mahali pengine, hata ikibidi kuchukua nafasi ya aliye nyuma yake. Mapatano mengi yasema tena kwamba anayeondolewa kwa lazima hulipwa gharama za kuhama.

Namba hiyo hiyo hugawa safari za kila mwezi, siku za mapumziko, na likizo. Kwa hiyo rubani mwenye busara hupiga hesabu kabla ya kuomba. Cheo kikubwa hulipa zaidi, lakini huweza kumfanya mtu awe mdogo tena kati ya wenzake. Aliye wa hamsini katika kituo kimoja aweza kuwa wa mia tatu katika kingine, akapoteza Jumapili zake na kuwekwa katika zamu ya kukaa karibu na simu akingoja kuitwa. Mwaka 2023 shirika la habari la Reuters lilieleza kwamba katika kampuni ya United karibu nusu ya nafasi za ukapteni zilizotangazwa hazikupata waombaji. Watu waliona heri kuwa wakubwa katika kiti cha msaidizi kuliko kuwa wadogo katika kiti cha kapteni. Tazama jambo hilo vizuri, ndugu. Mtu apewa nafasi ya cheo na mshahara mkubwa zaidi, naye ajibu "Ahsante, sitaki," na kesho yake aja kazini kama kawaida bila kuogopa uso wa mtu. Ni wangapi kati yetu wawezao kumjibu hivyo mkubwa wao?

HAWAKUPEWA BURE

Msidhani kwamba matajiri wa Marekani wana moyo mwema kuliko wa kwetu. Mwaka 1919 marubani wa posta ya Marekani waligoma baada ya wawili wao kufukuzwa kwa kukataa kuruka katika ukungu. Siku zile rubani aliyesema "leo hali ya hewa ni mbaya" alihesabiwa mwoga, na mwenzake mwenye shida ya fedha aliitwa aruke badala yake. Wengi walikufa hivyo. Mwaka 1931, mjini Chicago, marubani wakiongozwa na David Behncke walianzisha chama chao, na mwaka 1936 sheria ya kazi ya reli, iliyotungwa mwaka 1926, ikapanuliwa iwaguse na wafanya kazi wa ndege. Hata desturi ya kufuata tarehe ya kuandikwa haikuzaliwa angani. Vyama vya watu wa reli walikuwa nayo zamani, wakati ndege hazijakuwako.

Kwa hiyo orodha si anasa ya watu wanaolipwa vizuri. Ni ngao. Kapteni akisema "ndege hii ina kasoro, siiondoi," maneno yake yatakuwa na nguvu ikiwa tu ajua kwamba hakuna mtu atakayemwadhibu kwa kumpeleka kituo cha mbali mwezi ujao. Abiria aliyelala kiti cha nyuma hajui habari za orodha, lakini yeye naye analindwa nayo. Na vivyo hivyo kwetu: fundi asemaye "breki za lori hili hazifai," muuguzi asemaye "dawa zimekwisha," karani wa bohari asemaye "hesabu hii si sawa, sitii sahihi," wote wahitaji ngao hiyo hiyo. Barua ya uhamisho imeziba vinywa vingi kuliko barua ya kufukuzwa, kwa sababu kufukuzwa kuna kesi mahakamani, lakini kuhamishwa huitwa "mahitaji ya kazi."

MGOMO WA DUBLIN, 2018

Labda mtu atasema hayo ni mambo ya babu zetu. Basi tuje karibu. Kampuni ya Ryanair ya Ireland, moja ya kampuni kubwa za ndege za Ulaya, ilikaa miaka mingi bila kutambua vyama vya wafanya kazi. Desemba 2017, marubani walipotishia kugoma karibu na Krismasi, ikasema itavitambua. Mwaka uliofuata marubani wa Ireland walioandikwa moja kwa moja na kampuni, watu mia moja hivi, wakaleta dai lao. Dai lenyewe halikuwa kwanza mshahara. Walitaka kanuni ya wazi ya kufuata utangulizi kazini katika mambo kama uhamisho kutoka kituo hadi kituo, likizo, na kupandishwa cheo.

Kampuni ilisema mgomo huo hauna lazima, na kwamba marubani wake wanalipwa vizuri. Jibu hilo twalijua sote. Ukidai haki, wahesabiwa shilingi zilizo mfukoni mwako. Marubani wakagoma siku ya 12 Julai 2018, wakagoma tena Julai mara mbili, na Agosti mara mbili. Mwishoni mwa Julai kampuni ikatangaza kwamba itapunguza ndege zake za Dublin kutoka 30 mpaka 24 na kuongeza kazi Poland, na barua za tahadhari zikapelekwa kwa wafanya kazi kama 300, marubani na wahudumu wa ndani ya ndege. Oneni, ndugu! Watu wadai kanuni ya uhamisho, nao wajibiwa kwa kutishwa na uhamisho wenyewe.

Hawakurudi nyuma. Siku ya 10 Agosti marubani wa kampuni hiyo wa Ujerumani, Ubelgiji na Sweden waligoma siku moja na wale wa Ireland, na safari kama 400 zikafutwa. Tarehe 23 Agosti, baada ya mazungumzo yaliyokesha mbele ya mpatanishi, mapatano yakapatikana, na marubani wakayakubali kwa kura. Mia moja hivi mbele ya kampuni yenye maelfu. Hawakuwa na ndege wala viwanja. Walikuwa na chama tu, na dai moja lililoeleweka na kila mtu.

MANENO YA WAPINZANI

Neno la kwanza: "Kufuata utangulizi ni kuwatukuza wazee wavivu. Chanda chema huvikwa pete." Haya, tujibu. Huko kwenye ndege orodha haimpi mtu leseni. Aliyeomba kiti cha kapteni lazima afundishwe ndege hiyo na kupimwa, na akishindwa hakai katika kiti hicho, hata awe na namba ya kwanza. Na hata akifaulu, hurudi kupimwa tena na tena maisha yake yote ya kazi. Kwanza ujuzi, kisha kati ya wenye ujuzi aliyetangulia huchagua. Hiyo ndiyo kanuni. Lakini tajiri wetu asemapo "chanda chema," muulizeni nani anayekipima chanda, na kwa rula gani. Twakijua chanda chema chake. Ni kile kinachomnunulia kreti ya soda, kinachomletea habari za wenzake, au kinachotoka kijiji kimoja naye. Na pale ambapo kipimo ni moyo wa mtu mmoja, sote twajua kwamba mkono mtupu haulambwi. Kituo kizuri huwa na bei, na bei hulipwa gizani. Kwa wanawake bei hiyo mara nyingine haiwi fedha, na hilo ni jambo la aibu ambalo hatutanyamaza juu yake.

Neno la pili: "Vijana wataonewa." Hapa tukubali lililo kweli. Kijana wa mwisho katika orodha hupata kituo kibaya, zamu mbaya na sikukuu kazini. Wala mwendo wa orodha hautegemei yeye peke yake. Mwaka 2007 sheria ya Marekani ilipandisha umri wa marubani kustaafu kutoka miaka 60 mpaka 65, na vijana waliokuwa wakingoja wazee watoke wakakuta mlolongo umesimama. Hiyo ilikuwa taabu kweli. Lakini linganisheni. Kijana wa Newark ajua kwa nini yuko Newark, ajua ni watu wangapi wako mbele yake, na aweza kuhesabu ni wangapi watastaafu mwaka ujao. Kijana wetu aliye Mandera hajui kwa nini yuko Mandera, wala kama atakaa mwaka mmoja au ishirini. Wa kwanza yuko katika foleni, na wa pili yuko kifungoni. Foleni hata ikiwa ndefu husogea.

Neno la tatu: "Orodha humfunga mtu kwa tajiri mmoja." Hili nalo lina ukweli. Rubani akienda kampuni nyingine huanza chini kabisa. Kampuni ya Eastern ilipokufa Januari 1991, makapteni waliokuwa na miaka mingi wakaanza tena mahali pengine wakiwa nyuma ya vijana waliokuwa wadogo kwao kwa umri. Lakini hilo latufundisha nini? Latufundisha kwamba mapatano ya kampuni moja hayatoshi, na kwamba chama kipaswa kuwa cha kazi nzima. Halitufundishi kurudi kwenye kalamu ya meneja.

NA SISI WENYEWE TUJIHADHARI

Kuna hatari nyingine, nayo haitoki kwa tajiri. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2005 kampuni mbili za Marekani, US Airways na America West, ziliungana. Marubani wa pande mbili hawakuweza kupatana jinsi ya kuunganisha orodha zao. Wa upande mmoja walisema tufuate tarehe ya kuandikwa tu. Wa upande wa pili walisema tukifanya hivyo, watu wenu waliokwisha simamishwa kazi watatukalia juu sisi tulio kazini. Mwamuzi akatoa uamuzi mwaka 2007. Upande mmoja ukaukataa, na mwaka 2008 wenye kura nyingi wakakiondoa chama cha zamani na kuweka kipya. Matokeo yake yalikuwa kwamba kwa miaka mingi marubani wa kampuni moja walifanya kazi chini ya mapatano mawili, wakishitakiana mahakamani. Kampuni hiyo ikaungana na American mwaka 2013, na orodha moja ya wote ikaamuliwa mwaka 2016. Miaka kumi na zaidi ikapita. Ni nani aliyepata faida katika miaka hiyo? Si marubani wa mashariki wala wa magharibi.

Twalisema hili ili wanachama wetu wasidhani kwamba orodha ni dawa inayojiponya yenyewe. Orodha ni kama kisima cha kijiji. Kila mtu akitaka kuchota kwa kuchafua, wote watakunywa tope. Kanuni za kuhesabu miaka zipatanwe mapema, siku ya amani, kabla matawi hayajaunganishwa na kabla mtu hajajua kama zitamfaa au zitamwumiza. Na tuseme wazi: wala katibu, wala mwenyekiti, wala mjumbe ye yote wa chama asiwe na ruhusa ya kugusa orodha kwa ajili ya rafiki yake. Tukimnyang'anya meneja kalamu ili tuishike sisi, tumefanya kazi bure.

NA HAPA KENYA?

Marubani wetu wengi makao yao ni Nairobi, kwa hiyo shauri la vituo haliwabani sana. Latubana sisi, watu wa matawi na mabohari, wa shule na hospitali, wa benki na posta, ambao tajiri wetu ana mlango Kisumu, mlango Malindi na mlango Moyale.

Kumbukeni walimu. Mwaka 2018 Tume ya Kuwaajiri Walimu ilianza kuwatoa walimu, hasa wakuu wa shule, katika kaunti zao za nyumbani na kuwapeleka kaunti nyingine. Tume ilisema nia yake ni umoja wa taifa na usimamizi bora wa shule. Umoja wa taifa ni jambo jema, na hakuna mtu wa chama anayeupinga. Lakini mume alikwenda huku na mke akabaki kule, na chama cha walimu cha KNUT kikapinga kwa miaka. Mwishoni mwa mwaka 2022 siasa zikageuka, na wengi wakaanza kurudishwa. Angalieni vizuri: walihamishwa kwa amri, wakarudishwa kwa amri. Amri ya kwanza iliwaumiza na amri ya pili iliwafurahisha, lakini zote mbili zilitoka juu. Kinachotolewa kwa hisani leo chaweza kunyang'anywa kwa hasira kesho. Kanuni iliyo katika mapatano haiendi na kurudi kama upepo wa uchaguzi.

Tajiri akisema utangulizi kazini ni jambo la kigeni lisilojulikana katika sheria zetu, mwonyesheni Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 40. Kifungu hicho chasema kwamba mwajiri akipunguza watu kwa kukosa kazi, katika kuchagua nani aondoke lazima aangalie utangulizi wa mtu kazini, pamoja na ujuzi, uwezo na uaminifu wake. Basi sheria yetu yajua aliyetangulia ni nani siku ya kuachishwa. Kwa nini asijulikane siku ya kuhamishwa? Tena kifungu cha 10 cha sheria hiyo hiyo chataka mahali pa kazi patajwe katika maandishi ya mkataba, na mambo hayo yakibadilika mwajiri arekebishe mkataba kwa kushauriana na mfanya kazi, na kumjulisha kwa maandishi. Kushauriana, ndugu! Barua ya Ijumaa jioni si ushauri.

Mlango uko wazi. Mapatano ya pamoja kati ya chama na mwajiri yakisha andikishwa katika Mahakama ya Kazi, yawabana wote wawili, na masharti yake huwa sehemu ya mkataba wa kila mmoja wetu aliye chini yake. Tulichokosa si sheria. Tumekosa kulitia jambo hili mezani, kwa sababu kila mara tukienda mezani twapigania asilimia za mshahara, na tukizipata twarudi tukiimba. Wiki mbili baadaye aliyezidai kwa sauti kubwa apokea barua ya kwenda mahali ambapo nyongeza yote itamezwa na nauli.

TWATAKA NINI

Kwa hiyo twaomba kila tawi lijadili mambo haya na kuyapeleka katika madai ya mapatano yajayo:

1. Orodha moja ya wafanya kazi wote wa kila daraja, yenye jina, tarehe ya kuandikwa, kazi na kituo, ibandikwe ukutani katika kila kituo, na kila mtu awe na muda wa kusahihisha kosa.

2. Nafasi ikitokea kituo cho chote, itangazwe kwa wote kwa siku zilizotajwa, na mtu aombe kwa maandishi.

3. Kati ya waombaji wenye ujuzi unaotakiwa, aliyetangulia apewe. Matokeo yabandikwe pale pale ilipobandikwa orodha.

4. Asipopatikana mwombaji, aanzwe aliyeandikwa mwisho mwenye ujuzi huo. Alipwe gharama za kuhama yeye na jamaa zake, apewe muda wa kutosha, na ajue ni baada ya miaka mingapi ataruhusiwa kuomba kutoka.

5. Likizo ya uzazi na ugonjwa visimkatie mtu miaka yake hata siku moja.

6. Mwenye shida ya kweli, kama ugonjwa wa kudumu au mtoto mlemavu anayehitaji hospitali fulani, shauri lake lisikilizwe na kamati ya pande mbili, na sababu iandikwe. Huruma iwe na kanuni, isiwe mlango wa nyuma.

7. Mjumbe wa chama asihamishwe nje ya orodha kwa jina la "mahitaji ya kazi."

Madai haya hayamgharimu tajiri kiwanda wala mtambo. Yamgharimu karatasi, gundi na msumari. Yeye atayakataa kwa ukali kuliko atakavyokataa nyongeza ya mshahara, na hapo ndipo mtakapojua thamani yake. Nyongeza humpunguzia fedha tu, lakini orodha humpunguzia watu wa kumwogopa.

Ndugu, rubani mmoja peke yake, hata awe na mabega yenye mistari minne ya dhahabu, ni mnyonge mbele ya kampuni kama alivyo mfagizi wa uwanja. Walipoandika majina yao katika karatasi moja ndipo walipopata nguvu. Nasi tuandike yetu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ufa huu tumeutazama muda mrefu mno.

Jadilini katika mikutano ya matawi, leteni majibu ofisini, na ukisha kusoma karatasi hii mpe mwenzako.

UMOJA NI NGUVU.